Kofia ya Vuai na Vita vya Troya

"Usinidanganye, Mama. Ijumaa viua ulivyokwisha shona vilikuwa ishirini na sita, leo vimebaki kumi na tisa."

"Labda ulihesabu na njaa," akajibu Bi Kijakazi bila ya kuinua uso kwenye kofia, anazungushia uzi vitundu vyake kimoja kimoja.

Ghalia, bintiye, alikuwa bado na sare ya kazini, kutwa kawaogesha wazee wa watu, miguu inamwaka moto. Akafumbua kiganja. Nyuzi nyeupe, kaziokota kwenye kapu la taka. "Na hizi? Zimejifumua zenyewe?"

Bi Kijakazi alizitazama kama nywele za mtu mwengine. Ahadi alijitilia mwenyewe. Mzee Nizar, mgane mwenye duka la vitambaa Woolwich, huku huku London, alipotuma posa, yeye alijibu: kofia ya mume wangu imo mkononi, siingii nyumba nyengine nayo haijesha. Siku nikikaza kiua cha mwisho, masheikh na waivunje ndoa yangu na Vuai aliyepotea, nami nitasema ndiyo. Watu wakaona hilo ni neno la heshima. Mwanamke hodari kofia huimaliza kwa miezi minne. Hii ilikuwa inaingia mwaka wa pili.

"Nani kakufunza?"

"Mwalimu Jaswinder."

Kila Jumanne Bi Kijakazi alikwenda maktaba ya Barking kwenye darasa la Kiingereza la kina mama. Kusoma hakujua hata Kiswahili, lakini sikio lake halikuacha kitu. Huko ndiko alikovisikia vita vya Troya, namna Wayunani walivyopigana miaka kumi kwa ajili ya mwanamke mmoja, mwisho wakauingia mji ndani ya farasi wa mbao.

"Farasi mwenyewe kapita basi la ghorofa," akasema. "Tumboni askari mia tatu na sufuria mbili za pilau. Babu yangu wa Wete ndiye aliyewauzia karafuu za kuua harufu ya vikwapa. Unadhani kwa nini hawakunuswa?"

Ghalia aliuma mdomo asicheke. "Mama, nakuuliza kofia."

"Ndiyo hiyo hiyo. Vita vilipokwisha, mfalme mmoja akapotea baharini miaka kumi mingine. Nyumbani wachumba wamejaa ukumbini, wanamaliza mbuzi. Mkewe akawaambia, ngojeni nimalize kufuma. Mchana anafuma, usiku anafumua. Mimi usiku sioni, nafumua baada ya adhuhuri."

"Na huyo mfalme alirudi?"

"Alirudi."

"Baba hajarudi. Miaka ishirini na mbili. Meli yake ikatia nanga Rotterdam, akatuma barua moja, basi."

Bi Kijakazi akaitia mikono yote miwili ndani ya kofia, akaipanua polepole.

"Uzi wa kumpimia niliuwacha Pemba, siku tulipotoka mbio kwa vurugu," akasema. "Nikabaki na mikono hii. Nilikuwa nikimpaka mafuta kichwani kila Alhamisi, basi mikono ikakijua kile kichwa. Sasa kila nikikaribia kumaliza, naipima hivi, naona siye. Mara kubwa, mara ndogo. Nafumua. Ujanja upo, mwanangu, sikatai. Lakini si ujanja mtupu."

Ghalia akakaa chini, kwenye zulia, karibu na magoti ya mama yake. "Kama mikono imesahau, utaimaliza lini?"

"Nikiimaliza nitakuwa nimesema kafa. Mimi sijasema. Sitosema."

"Basi mwambie Mzee Nizar. Mtu mzima yule, humweki mlangoni mwaka wa pili."

"Kweli, nimemdhulumu. Nitamwambia leo hii hii. Nitamwambia, Nizar, mimi ni mke wa—"

"Hodi, wenyewe?" Mlango Ghalia hakuufunga vizuri alipoingia. Mzee Nizar alisimama kizingitini, koti limelowa, papai la soko la Woolwich kifuani limefungwa gazeti, anatabasamu.

Ghalia akamtazama mama yake.

"Karibu," akasema Bi Kijakazi, akaishika sindano tena.