Aliyenogewa na Matoke

Hotuba ile ilitugharimu zamu ya maji, mbuzi mmoja na jina la kaka yangu. Nimehesabu mara mbili, hakuna cha kupunguza.

Tope la ndiva, bwawa tulikogawana maji ya mashamba kule Myamba, linanuka majani yaliyooza na chuma chenye kutu. Nilikuwa darasa la tano. Sabuni ya mche ilikatwa kwa uzi, na nguo za mitumba ndiyo kwanza zimeanza kupanda mlima. Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia, kila mwenye zamu ya maji alikwenda kuzoa tope kwenye kipande chake. Mama alizoa vipande viwili: chake, na cha kaka Eliamani, aliyekwenda vita vya Uganda na hakuwa amerudi. Sheria ilikuwa wazi: aliye safarini, jembe lake likishikwa, maji yake yapo. Miaka yote ile Mama alimtunza mwanawe hai kwa jembe.

Ndipo akaja mheshimiwa kuomba kura siku ya soko, akapanda juu ya meza ya muuza nyanya.

"Vita ile kwetu ilikuwa matembezi! Tungetaka, Kampala leo ingekuwa wilaya yetu. Na hao msiowaona, msiwalilie. Wamenogewa na matoke na mabinti wa kule!"

Soko likacheka. Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga. Hawakusema kwamba siku moja utapewa kipaza sauti. "Mama Eliamani, andaa mahari, mkwe kapatikana!" akapayuka muuza chumvi. Mama akasogea hadi mezani.

"Mheshimiwa, mwanangu umemwona kwa macho yako?"

"Aa, mama, huu ni utani tu wa jukwaani."

Utani tunaujua. Mtani atakucheka msibani, lakini kaburi anachimba.

Wiki iliyofuata kamati ya ndiva ikakaa. Aliyehamia nchi ya watu hana zamu, wakasema, na mheshimiwa mwenyewe amethibitisha. Siku ya zamu ya Eliamani ilipofika, Mama akafungua maji vilevile. "Sijayaiba, nimeyachimba," akawaambia. Wakamtoza mbuzi, wakamla palepale bwawani. Maharage yetu yakakauka na maua yake.

Baada ya misimu miwili, askari mmoja wa kijiji cha Maore alipanda mlima kutuambia kwamba alimzika Eliamani kwa mikono yake, ng'ambo ya Mto Kagera, kabla vita havijaisha. Mama akaipeleka habari hiyo kwenye kamati. Wakampa pole, kisha wakamwambia marehemu hana zamu.

Siku hizi nauza mitumba Same mjini, na redio ya duka la jirani hainyamazi: huyu anadai ziwa lote ni letu, yule anaapa vita vijavyo ni vya wiki moja tu. Zamani msemaji alilazimika walau kupanda mlima, tukamwona uso. Yule wetu sasa ni mstaafu. Mwezi ujao atakuja Myamba kuzindua mabomba ya maji, na Mama, ambaye macho yake yamefifia, ameomba kiti cha mbele. Anataka nimshike mkono hadi kwa mgeni rasmi, tena nianze mimi kumwamkia, maana ni mkubwa wangu. Nishaurini, wasomaji: shikamoo hiyo naitoaje mdomoni?