Mgomba Uliovishwa Blanketi

Jumatatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri dawa dirishani, hapa mjini Morogoro, nikatembezwa Uingereza bure. Mtembezaji ni mama mmoja aliyerudi juzi kutoka kwa binti yake, pwani ya huko. Bado alikuwa na koti zito, jasho linamtiririka, lakini halivuliwi. Watu watajuaje kwamba alisafiri?

Alikuwa akimwonyesha picha shangazi yake, bibi aliyeshuka kutoka Kinole, kule milimani, na kikohozi kibaya.

"Huu ufukwe, shangazi. Familia nzima zinakuja kupumzika."

Kokoto tupu. Watu wamejikunyata kwa upepo, wanakula chipsi wamevaa kofia za sufu.

"Wamekosa nini?" bibi akauliza.

Simu ikapanguswa. "Na hii bustani yao maarufu. Unakata tiketi ndio uingie."

Benchi zima tukainama tuone maajabu ya dunia. Ulikuwa mgomba. Umefungwa blanketi kuanzia chini mpaka shingoni.

"Baridi ikianza wanaufunika. Wanaujali mno!"

"Mkungu wake mkubwa?"

"Hauzai, shangazi. Ni wa kutazamwa tu."

Nikajionea aibu. Miaka yote napita katikati ya migomba ya Kinole bila tiketi, kama mhuni.

Bibi akakohoa, akakaza khanga kifuani. "Na blanketi uliloniahidi?"

"Aa, shangazi, mizigo ilizidi kilo."

"Haya. Ukirudi huko waambie na mimi sizai tena. Labda watanifunika."