Rudia Kwanza Alichosema Mwenzako

Wiki hii yote, mwanangu, imekuwa ikinirudia siku moja ya zamani, siku majirani walipokutana kwa sababu ya njia ya kwenda kwenye chemchemi. Ninachuma chai, inanirudia. Ninasonga ugali, inanirudia. Na sababu naijua. Jumamosi utasimama katika ule ukumbi wa Kapkatet pamoja na wenzako mnaotafuta kiti cha wadi, muulizwe maswali mbele ya watu, na mimi mama yako nina wasiwasi ambao sijamwambia hata mchungaji.

Si kwamba naogopa utashindwa. Maneno unayo, umekuwa nayo tangu ukiwa mtoto wa kubebwa. Naogopa utashinda, na sijui kama utatufaa.

Kila ninakopita nashikwa mkono. Mama wa mboga sokoni aliniambia nimezaa mtu wa kweli, si kama hawa wanaotuletea Kiingereza cha Nairobi na viatu vya kung'aa. Unavaa gambuti, unakula na wachumaji, unasema lililo moyoni. Na ile video unapomlilia jirani yetu, yule mama aliyebebwa kwa machela kwenye matope mpaka hospitali, hata vijana wa bodaboda wanayo kwenye simu. Wapinzani wako wanasema unajifanya. Mimi najua hujifanyi, kwa sababu ulilia hivyo hivyo ndama wetu alipokufa. Ungekuwa unajifanya ningekugombeza yakaisha. Machozi yako ni ya kweli, na hayo ndiyo yananinyima usingizi, maana niliwahi kuyaona kwa mtu mwingine.

Nilikuwa nimeolewa juzi juzi kutoka upande wa Sotik. Jirani mmoja, Arap Sigei, alikuwa amepanda chai mpaka karibu na mto akafunga njia tuliyopitia kuteka maji. Majirani wakaitana kwenye kokwet, kikao cha wenyeji wa kijiji, pale kwenye mteremko chini ya boma la baba mkwe. Sisi wanawake tulikaa upande wa juu, kwenye nyasi. Mkubwa wa kikao, Arap Tonui, alikuwa amezeeka na macho yalikuwa yakimsumbua, na kila mtu alijua nafasi yake itachukuliwa na huyo huyo Sigei. Nani mwingine alikuwa na ulimi kama wake?

Sigei akasimama na koti lake lililochanika kwenye kiwiko. Alieleza jinsi alivyobeba miche mgongoni, ng'ombe wetu wakaikanyaga, akapanda upya, wakakanyaga tena. Sauti ikamkatika. Wanaume wakatikisa vichwa. Hata mimi niliyekuwa nikiumwa na shingo kwa kuzunguka na maji, machozi yalinilengalenga, na nikasema moyoni huyu ndiye wa kutuongoza.

Upande wa pili alisimama mjane mmoja tuliyemwita Bot Chelangat, yaani mama yake Chelangat. Huyo hakujua kuongea. Alisema maneno machache akiangalia chini, kisha akaketi. Sigei alikuwa ameshasimama kumjibu.

Arap Tonui akainua mkono. "Ngoja kwanza," akasema. "Kabla hujajibu, tuambie huyu mama amesema nini. Sema mpaka yeye mwenyewe akubali."

Sigei akacheka kidogo. Akasema mama anataka njia. Bot Chelangat akasema sio hivyo. Sigei akajaribu tena, akasema mama anamwona mtu mbaya. Sio hivyo. Mara hii Sigei akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli kama machozi yake. Akasema hawezi kukumbuka kila neno la kila mtu.

Mzee akamgeukia mjane, akamtaka aseme la Sigei. Akalisema polepole, habari ya miche na mgongo, na jinsi inavyouma mtu kuanza upya. Sigei akainamisha kichwa. "Ni hivyo," akasema. Ndipo mjane akaulizwa tena lake, na safari hii watu wakasikiliza. Kumbe hakuwa akidai ile njia ya zamani. Mama mkwe wake alikuwa na mguu mbovu, hangeweza kuzunguka mbali, na yeye alikuwa akiomba ukingo tu, nje ya chai, pa kupita mtu mmoja. Ukingo huo ndio mnaoutumia mpaka leo.

Jioni tukikamua, mama mkwe wangu aliniuliza ningemchagua nani. Nikasema bado Sigei, kwa sababu anaongea kutoka moyoni. Hakuniangalia. "Moyo wake tumeusikia," akasema. "Wako yeye aliusikia lini?"

Swali hilo, mwanangu, ninalo mpaka leo.

Sasa niambie, Jumamosi ni nani atakuuliza swali la Arap Tonui? Mtapewa dakika, kengele italia, atakayemkatiza mwenzake vizuri atapigiwa makofi. Sikatai kwamba mdahalo unaonyesha kitu. Unaonyesha nani ana haraka ya kujibu na nani ana aibu. Kwamba mtu hajifichi, hilo nalo ni jema. Lakini Sigei hakujificha hata kidogo, na bado angetufungia maji.

Jumapili jikoni dada yako Chepkoech alikuwa akikuambia jambo. Alikuwa ametumwa kwako na yule mama wa machela. Hakufika katikati, ukaanza kumweleza habari ya barabara, na uliongea vizuri sana, hata mimi nilisahau sufuria motoni. Alisema "sijamaliza", hukusikia. Akachukua ndoo akaenda zake. Umemlilia yule mama mbele ya umati, na neno alilokutumia hulijui. Mimi nalijua, na sikuambii.

Ninachokushauri ni hiki. Kabla hujapanda jukwaani, nenda kwa dada yako, umwache amalize, kisha umrudishie maneno yake mpaka aseme ni hivyo. Ukishapata kiti, fanya vivyo hivyo kwa kila atakayesimama mbele yako, hasa asiyejua kuongea. Na vijana wenzako wanaopiga kura uwaambie wasimwangalie tu mgombea anavyosema yake. Wamwombe aseme ya mwenzake. Chepkoech akiniambia umesema sawasawa, Jumamosi nitafunga kitambaa changu cha kanisani nikae mbele kabisa. Asiponiambia, nitabaki hapa na kura yangu, na itaniuma.

Lete mkono nikutemee mate ya baraka, kama nilivyotemewa mimi. Mungu akupe masikio kabla hajakupa kiti, na akulinde na makofi ya watu. Haya, nenda, dada yako yuko kwa ng'ombe.