Nilimmilikisha Mama Kulwa Mitumbwi ya Mwalo Mzima

Jamani, nimekosa. Msinitafutie sababu. Sababu ninazo nyingi na hazijanisaidia.

Mimi ni kijana wa Misungwi, nakaa Igogo. Kuandika programu nilijifundisha mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Aliyeniamini ni Bro Deo peke yake. Mhaya, kasoma, ana kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya ofisi za serikali. Alinichukua bila kuniuliza cheti. Kwa hiyo mtu akimsema Bro Deo vibaya mbele yangu, tunakunjana. Nimeshakunjana na muuza chipsi.

Basi tukapata kazi ya halmashauri moja, siitaji. Mfumo wa leseni za mitumbwi. Karani wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa kushusha samaki, anamsajili mvuvi kwenye kishikwambi, leseni inatoka hapo hapo.

Bro Deo ana utaratibu wake. Hatengenezi kila kitu ndiyo akabidhi. Anatengeneza kipande, anakipeleka kwa karani mwenyewe, na mtu wetu anakaa pembeni kuangalia karani anakwama wapi. Humsaidii. Humwelekezi. Akikwama unarudi kusema, tunarekebisha.

"Dogo, kazi yako ni kufunga mdomo," akaniambia. "Utaweza?"

"Mimi tena, bro?"

"Ndiyo maana nauliza."

Nikaenda mwalo mmoja upande wa Kigongo. Karani ni Mama Kulwa, mama mtu mzima, wa mkataba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa mfumo? Mbona katoto! Kaa hapo, usikalie samaki wa watu."

Mvuvi wa kwanza akaja. Mfumo ukadai namba ya kitambulisho ya mwenye mtumbwi. Mama Kulwa akanigeukia.

"Mwanangu, huyu ni nahodha tu. Mwenye mtumbwi yuko Ukerewe huko. Namba yake naitoa wapi?"

Hapo ndipo pa kufunga mdomo! Nirudi nimwambie Bro Deo kwamba fomu yake haimjui nahodha. Lakini afisa uvuvi alikuwa amesimama nyuma yetu. Akacheka.

"Hawa nao. Hata mtumbwi hawajawahi kupanda."

Weee! Bro Deo wangu achekwe, mimi nipo? Damu ikanipanda. Nikamnong'oneza mama, "Weka namba yako wewe. Itapita."

Ikapita. Afisa akaenda zake. Nikajiona mwanaume.

Jioni Bro Deo akaniuliza, "Kakwama wapi?"

"Hajakwama bro. Mfumo umenyooka."

Akafurahi. Na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe. Mama Kulwa ni mtu wa kufuata maelekezo, akaendelea hivyo hivyo kwa kila nahodha aliyekuja, na wenye mitumbwi wenyewe huwa hawaji.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mkurugenzi akasema aonyeshwe ukutani majina ya wanaomiliki mitumbwi mingi. Tukabonyeza. Jina likatokea moja. Mitumbwi yote ya mwalo ule, ndio pekee tuliokuwa tumeujaribia, ni mali ya Mama Kulwa, mwanamke asiyejua hata kuogelea.

"Nani tajiri huyu?" mkurugenzi akauliza. Watu wakacheka.

"Karani wetu, mheshimiwa," afisa uvuvi akasema. Kicheko kikakatika.

Mama Kulwa alikuwa humo humo ukumbini. Wakamwinua kwenye kiti. Nani kakwambia uandike hivi? Akanitazama. Akatazama chini.

"Nimekosea mwenyewe."

Bro Deo akasimama, akasema fomu ni yake, lawama apewe yeye. Na mimi, mkunjanaji wa muuza chipsi, nilikuwa nimeshika waya wa projekta. Sikutoa neno. Nilijidanganya kwamba nikisema namzamisha bro. Uongo! Niliogopa.

Mama Kulwa mkataba wake ukakatishwa. Ndipo nikamwambia Bro Deo. Hakufoka. Aisee, bora angefoka.

"Nilikwambia ufunge mdomo, ukaongea. Pale pa kuongea ukafunga. Sasa wewe nikutume wapi?"

Akanipeleka halmashauri, nikasema yote. Afisa mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa taarifa." Mwaloni kulishakuwa na karani mwingine. Sehemu ya nahodha ikaongezwa kwenye fomu. Kazi ya asubuhi moja!

Bro Deo hajanifukuza. Ila mbele ya watu hanipeleki tena.

Juzi hapa Igogo nikamkuta Mama Kulwa anauza dagaa. Nikataka kukata kona, akawa ameshaniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mitumbwi yangu haijambo?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka. Akanifungia dagaa, hela akakataa. Angenizaba kofi ningelala usingizi.

Nyie mnaotengeneza mifumo, nawaomba. Mtu akikwama, mwacheni akwame, hata afisa akiwa nyuma anacheka. Bosi wako akichekwa hafi. Mimi wangu nilimkinga asichekwe na mtu mmoja, akaja kuaibika mbele ya ukumbi mzima, na aliyepoteza kazi ni mama wa watu aliyekataa kunitaja.