Nilivyomchunguza Mchumba wa Pendo Bila Kutoka Dukani

Jamani, mimi nimeumbuka mara nyingi, nimeshaanguka mnadani na beseni la nyanya, nimeshaimba peke yangu kanisani wenzangu wote wakiwa wamenyamaza, lakini ile ya sebuleni kwa kaka yangu, mbele ya wageni, nikiikumbuka nafunika uso na khanga, nacheka, halafu nafunika tena!

Ilikuwa hivi. Pendo, binti wa kaka yangu Bura, alipata mchumba, fundi wa pampu za maji anaitwa Safari, na kwetu wakubwa hawajibu posa hivihivi, lazima mtu atumwe kwa akina kijana, asalimie majirani, akae, aulize hawa ni watu wa namna gani. Nikatumwa mimi, shangazi mtu. Kaka akaniambia wazi, "Dada, neno lako ndilo nitakalofuata. Ukisema hapana, basi ni hapana." Pendo naye akanisindikiza hadi barabarani, kanishika mkono haachii. "Shangazi, nakuomba jambo moja tu, nenda ukawaone kwa macho yako."

Sasa kutoka kwetu Dongobesh mpaka Endasak, nilikojua ndiko anakoishi kijana, si mchezo, tena mvua zilikuwa zinanyesha, na duka langu la vitenge nani angelifungua? Nikajiambia, Pendo si alishanitumia tovuti ya huyo kijana? Nitamchunguza humohumo kwenye simu, mambo ya kisasa bwana! (Hapo ndipo nilipoharibu, ila wakati huo nilijiona nina akili kuliko ukoo mzima.)

Nikafungua. We! Ukurasa mweupe kama shuka, maandishi meusi, picha hakuna, rangi hakuna, salamu hakuna! Mtu anaanzaje kuongea na watu asiowajua bila hata shikamoo? "Naitwa Safari. Natengeneza pampu za maji. Naishi Endasak. Kazi ya kwanza nilifukuzwa kwa sababu ya pombe, nimeacha. Pampu tatu nilizotengeneza ziliharibika tena, moja ilinishinda kabisa." Basi. Chini yake peupe, nikajua ndiyo mwisho.

Nikapiga meza. Tapeli huyu! Mtu mzima mwenye akili zake anajisema vibaya mwenyewe? Anayetoa madogo kwa hiari kaficha makubwa! Mafundi wengine ninaowaona mtandaoni wamevaa suti, wana nyota tano, wana wateja wanaowashukuru kwa machozi, huyu hana hata picha ya spana. Nikajiona mpelelezi kabisa.

Kaka alipopiga simu, "Dada, umefika?" mdomo ukajibu wenyewe, "Nimefika, nimerudi jana." Mmeona? Hata sikuusukuma.

Jumamosi wageni wakaja. Chai ya maziwa, makande, sebule imejaa. Safari kainamisha kichwa, pembeni yake baba yake mdogo, ndiye msemaji wao. Pendo kasimama mlangoni na birika. Kaka akasema, "Dada, tueleze ulichokiona."

Nikasimama (hakuna aliyeniambia nisimame). Nikasema nimefika Endasak, nimeingia hadi ndani ya nyumba anayoishi huyu kijana, nimekaa na jirani yake, mama mmoja mnene (mnene alitoka wapi, sijui, alikuja tu), na huyo mama kanyanyua mikono juu akasema, huyo msimpe mtoto wenu! Nikamwona Pendo mlangoni ananitikisia kichwa, lakini nilishapata moto, nikainua simu juu. "Na hapa kajiandika mwenyewe!" Nikasoma pombe, nikasoma pampu, nikamalizia, "Tapeli!"

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Mama, hayo yote kaka yako tulimwambia siku ya kwanza." Kaka akaitikia kwa kichwa. Baba mdogo akaongeza, "Hebu soma mpaka mwisho."

"Nimesoma mpaka mwisho!"

Safari akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Samahani shangazi, telezesha chini kidogo."

Nikatelezesha. Peupe, peupe, peupe, halafu mstari. Na kwa kuwa nilishazoea kusoma kwa sauti, nikausoma kwa sauti: "Endasak nilihama baada ya nyumba kubomoka. Sasa naishi Gendabi. Hapo juu nitasahihisha nikipata bando."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Kaka akauliza polepole, "Dada, uliingia nyumba gani?"

"Sikwenda," nikasema.

Baba mdogo akasimama. "Tulikuja kuomba binti kwa watu tunaowaamini. Sasa inabidi na sisi tukaulizie nyumba hii." Wakaondoka, makande hayajaguswa. Pendo hakunitukana, afadhali angenitukana! Alitua birika, akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia analia.

Wiki iliyofuata akaingia dukani mama mmoja mtu mzima, buti zimejaa tope. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba. "Mimi ni shangazi yake Safari. Niambie wewe ni nani." Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikasema yote kwa pumzi moja: naitwa Rehema, nauza vitenge, mdomo wangu una haraka, Endasak sikufika, kijana wenu nilimsingizia mbele za watu na yule mama mnene hayupo duniani, nikatazeni mimi kukanyaga kwenu lakini Pendo hana kosa.

Akasema, "Nimezunguka kwa majirani zako siku mbili. Wamesema hivyohivyo. Ila hukutaja kwamba ukiazima vitu hurudishi."

"Na hilo pia ni kweli, mama."

Akacheka! Akacheka mpaka akakaa juu ya marobota yangu! "Mwambie kaka yako tunarudi." Nilitoka mbio hadi kwa kaka, duka wazi, khanga inaburuza, napiga vigelegele peke yangu njiani, watu wananishangaa. Pendo alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso, akasema, "Vizuri. Kesho tunakwenda Gendabi wote wawili, ukamwombe radhi mama yake Safari." Nikaenda, tope hadi magotini, nikaomba.

Wameoana, wana raha zao, na mimi nimeapa: mtu ambaye sijakaa naye nikanywa chai yake sitamsemea tena, si kwa uzuri si kwa ubaya. Ila juzi mdogo wake Pendo naye kapata mchumba, wa palepale Endasak. Nikanunua buti mpya, nikasubiri kuitwa. Kaka kamtuma mke wake.