Mawe ya Mungu Husaga Polepole

Msagaji wa mtaa, waliyembandika jina la Vumbi, alikuwa na mchezo wake. Mashine ikizimwa, unga kidogo hubaki umegandia ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa unaoumwaga. Msagaji mwaminifu huupiga mfuko huo kwa fimbo mpaka unga wote udondoke kwenye ndoo ya mteja. Vumbi, wapi! Aliukung'uta jioni akiwa peke yake, akaenda nao nyumbani. Mwenyewe aliuita baraka.

Siku moja wakiwa mezani, bintiye, mwalimu wa Kiingereza, alimwambia, "Baba, Waingereza wana msemo wa kazi yako: mawe ya Mungu husaga polepole, lakini husaga laini kabisa. Asili yake ni Wagiriki wa kale. Yaani adhabu ya Mungu hukawia, ila hairuki hata punje."

Vumbi alicheka, lakini tonge alilomega akalirudisha kwenye sahani. Tonge lenyewe lilikuwa la unga ule ule.

Kesho yake alikuja Mama Pacha, mjane, mteja wake wa miaka ishirini. Mashine ilipozimwa, Vumbi alishika fimbo akaupiga mfuko kama anayeua nyoka.

"Acha, shemeji," mama yule alimshika mkono. "Huo si wa binti yako? Tangu mkeo afariki akamwacha mdogo, mtaa mzima huwa tunakuachia makusudi. Kwani ulidhani hatukuoni?"

Akajitwika ndoo yake, akaenda zake. Mashine ilikuwa kimya, lakini Vumbi aliisikia bado inasaga.