Majani ya Nyuzi Mbili

Enzi zetu duara la rangi lilikuwa Mama na sindano yake, basi. Siku hizi binti yangu Rebeka anajifunza ubunifu wa michoro kwenye simu, hapa mtaani kwetu Atlabara, na kila jioni ananielimisha kwa huruma. "Mama, rangi za msingi ni tatu: nyekundu, njano na buluu. Nyingine zote huzaliwa na hizo." Naitikia kwa heshima. Jamani, mtoto amegundua!

Nakumbuka mtaa wa Malakia, alasiri, wasichana tumejipanga mkekani tukidarizi milaya, yale mashuka meupe ya maua na ndege ambayo hakuna nyumba ya Juba iliyothubutu kupokea wageni bila kuyatandika. Kahawa ya tangawizi inanukia, na mikono yetu inanuka sabuni, maana ukichafua kitambaa utakiona cha mtema kuni. Mama alijifunza Kiswahili ukimbizini Uganda, na ndicho alichotufundishia. Nyekundu na rangi ya chungwa aliziita rangi za jiko; buluu na kijani, rangi za mtungi. Nyekundu ikikaa kando ya kijani, alisema, zote mbili zinapiga kelele, kwa hiyo ua moja linatosha. Tulipotaka kujaza ndege shuka zima, alifoka: "Wacha kitambaa ipumue!" Rebeka anaiita nafasi tupu, na amepewa alama nzuri kwa kuijua. Sisi tulipewa kofi la mgongo.

Kisha dada yangu Poni akachumbiwa. Jumapili watu wa mume wangekuja kutoka Gumbo, na shuka la kitanda cha sebuleni nilipewa mimi nilidarizi. Lisipokwisha, Mama angeazima la jirani. Aibu gani hiyo! Wanawake wa Malakia walijua maua ya kila nyumba. Wangetambua mkono wa jirani hata kabla ya kuketi. Poni akaniambia, "Usiniangushe, mdogo wangu." Ijumaa uzi wa kijani ukaniishia, majani yakiwa nusu, na dukani kwa Msomali hakuna mpaka lori lije.

Nikakumbuka shuleni mwalimu alivyochanganya buluu na njano, kikatoka kijani. Nami kwa akili zangu zote nikatia uzi wa buluu na wa njano kwenye tundu moja la sindano, nikadarizi nikisubiri kijani kitokee. Wapi! Ilitoka mistari mitupu.

Mama akaja kuangalia. "Ya bit, we msichana! Hii iko jani ama iko soksi?" Nikalia. Poni akalia kunizidi. Mama akalitupia shuka kitandani kwa hasira, akaenda zake kwa jirani kuazima. Alipofika mlangoni mwetu aligeuka ili amalizie kunigombeza, akalitazama shuka. Akafinya macho. Kutoka pale, majani yalikuwa ya kijani kabisa.

"Kalas, basi," alisema. "Wageni watakaa mbali."

Jumapili viti vilibanwa kwenye ukuta wa pili, na kitanda hakikuguswa na mtu. Wale wazee wa Gumbo waliondoka wakisifu nyumba yenye adabu, ambayo hata kitanda chake hakikaliwi ovyo. Poni aliolewa, na shuka akaondoka nalo.

Poni ametutoka, na shuka limerudi kwangu. Juzi Rebeka alilichunguza akashtuka: "Mama, nyuzi mbili! Huu ni mchanganyiko wa macho, jicho linachanganya rangi lenyewe kwa mbali, tumefundishwa wiki hii!" Nikamwambia asimame mlangoni aone. Akasimama. "Mbona haya ni njano?"

Kweli. Jua na sabuni za miaka yote hiyo zimekula buluu, imebaki kivuli tu. Rebeka, mwenye moyo mzuri, akalipiga picha, akagusa simu mara moja, majani yakawa ya kijani. Vijana hawa hawaishiwi uzi, wala hawasubiri lori. Nikamsifu, imependeza. Alipokwenda kulala nikasimama mlangoni peke yangu, nikafinya macho kama Mama. Nilitamani Poni awe kando yangu, na majani yakabaki njano.